Kumtafuta paka dhahabu msituni: mwongozo kamili wa kukagua makazi na kuthibitisha kama yupo

Kamera zinafungwa msituni, miezi miwili inapita, kadi zinafunguliwa: maelfu ya picha za majani yanayotikiswa na upepo, mkia wa mnyama asiyejulikana, na paka hakuna. Ripoti inaandikwa kwamba paka dhahabu hayupo. Kwingineko mtu anaona unyayo kwenye tope, anaupiga picha kwa simu, na ripoti inaandikwa kwamba yupo. Ripoti zote mbili zina kasoro ileile: hazina kipimo cha kazi iliyofanyika, kwa hiyo hakuna anayeweza kuziamini wala kuzipinga.

Mwongozo huu ni wa askari wa misitu, wanafunzi na wanakamati wa maliasili wa vijiji. Mfano unaotumika ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Minziro, Wilaya ya Missenyi mkoani Kagera, ambako kamera zilimnasa paka dhahabu (Caracal aurata) mwaka 2018 kwa mara ya kwanza nchini Tanzania. Hatua ni zilezile ukiwa Kibale au Bwindi upande wa Uganda, au kwenye misitu ya Kongo.

## Vifaa

- Kamera mtego (zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita) 30 za aina moja, na 3 za akiba. Usichanganye aina. Kamera moja hupiga upesi, nyingine huchelewa, na mwishoni hutajua kama tofauti unayoiona ni ya msitu au ya kamera.
- Betri za AA za lithiamu, seti mbili kwa kila kamera. Kamera nyingi hula betri 8. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, na mara nyingi mwanga wa usiku hufifia kabla ya muda.
- Kadi za kumbukumbu za GB 32, mbili kwa kila kamera. Zijaze picha na kuzifungua zote kabla ya safari. Kadi bandia hukubali kuandikwa, kisha hukataa kusomwa.
- Mikanda, nyaya za kufuli, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ndani ya kamera.
- GPS, dira, ramani ya karatasi.
- Fimbo ya mita 2 iliyopakwa rangi nyekundu na nyeupe kwa kupokezana kila sentimita 10.
- Futi ya kamba ya mita 50 na futi ya fundi cherehani.
- Panga na mkasi wa kupogolea. Mkasi ndio utakaoutumia zaidi.
- Kibao cheupe kidogo na kalamu yake.
- Mirija ya plastiki ya mililita 50, ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, chembe za silika, glavu na barakoa.
- Fomu za karatasi na penseli. Wino hufutika ukilowa.
- Mabuti ya mpira na sanduku la huduma ya kwanza. Minziro ni msitu wa kinamasi unaofurika maji ya Mto Kagera. Kuna sehemu maji hufika kiunoni.

## Hatua ya 1: Vibali na mazungumzo na kijiji

Minziro iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kwa Uganda utaanzia UWA (mamlaka ya wanyamapori) kwa hifadhi za taifa au NFA (mamlaka ya misitu) kwa misitu ya serikali kuu, pamoja na UNCST (baraza la sayansi na teknolojia). Anza miezi kadhaa mapema, na uandike kwenye maombi kwamba utakusanya kinyesi, la sivyo hutaruhusiwa kukitoa msituni wala kukisafirisha hadi maabara.

Kisha nenda kwenye vijiji vinavyopakana na msitu na uonyeshe kamera mkononi. Waache watu waishike, wapigwe picha, waone picha yenyewe. Kubalianeni mbele ya mwenyekiti kwamba picha za watu zitafutwa au zitafungiwa, na mzingatie makubaliano hayo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, kamera inayotumika kuwakamata akina mama wa kuni haitadumu wiki mbili kwenye mti wake.

Utajua umefaulu: kijiji kimekupa mtu wa kufuatana nawe, na mtu huyo anajua njia za msitu kuliko ramani yako.

## Hatua ya 2: Mjue, na uwajue wanaofanana naye

Paka dhahabu ana urefu wa sentimita 61 hadi 101 kutoka kichwani hadi shina la mkia, mkia wa sentimita 16 hadi 46, na uzito wa kilo 5.5 hadi 16. Ni karibu mara mbili ya paka wa nyumbani, mzito wa mwili, kichwa kidogo. Rangi ndiyo inayopoteza wengi. Kuna wa rangi ya dhahabu iliyokolea wekundu, kuna wa kijivu, na kuna weusi kabisa. Wengine wana madoadoa mwili mzima, wengine tumboni na mapajani tu. Kwa hiyo usimtambue kwa rangi.

Tazama mambo haya, kwa mpangilio huu:

1. Masikio. Ni mafupi, ya mviringo, meusi kwa nyuma, bila shungi la nywele. Simbamangu ana shungi refu, na makazi yake ni nyika kavu.
2. Mkia. Ni mfupi kiasi, na mara nyingi una mstari mweusi juu yake. Kanu ana mkia mrefu wenye pete.
3. Tumbo na kidevu. Ni vyeupe, tumbo lina madoa. Kwa mnyama mweusi kigezo hiki hakipo.
4. Miguu na umbo. Mondo ni mrefu wa miguu, masikio makubwa yaliyosimama. Yuko mondo mwenye vidoadoa vidogo mno ambaye kwenye picha hafifu huonekana kama hana madoa, naye hufika ukingoni mwa msitu. Huyu ndiye anayechanganya hata wazoefu. Fungo ana kinyago cheusi usoni na hutembea kichwa chini.

Usiku, picha za infraredi hazina rangi. Dhahabu na kijivu vinafanana. Andika «rangi haijulikani» badala ya kubahatisha.

## Hatua ya 3: Mahojiano yasiyomwekea mtu maneno mdomoni

Kosa la kawaida ni kufika na picha moja na kuuliza, «Mnamjua huyu?» Mwenyeji mwenye adabu atasema ndiyo.

Andaa picha nane za ukubwa mmoja: paka dhahabu mwekundu, paka dhahabu wa kijivu, chui, mondo, simbamangu, kanu, fungo, na mnyama mmoja ambaye hawezi kuwepo, kwa mfano chui milia wa Asia. Ukimaliza salamu, zipange mezani bila kutaja jina lolote. Uliza hivi: «Mzee, kati ya hawa, yupi umewahi kumwona kwa macho yako katika msitu huu?» Akionyesha chui milia, endelea na mazungumzo kwa heshima, lakini mahojiano hayo yape alama ya chini.

Akimwonyesha paka dhahabu, uliza alimwona wapi, msimu gani, alikuwa anafanya nini, na alimtofautishaje na mondo. Jina la kienyeji liandike kama linavyotamkwa. Kwa Wakiga wa kusini-magharibi mwa Uganda anaitwa embaka. Kwingine jina moja hubeba paka wote wa porini, na hapo ndipo picha zinapookoa kazi. Usiulize nani anatega. Uliza wanyama gani wamepungua, na habari za mitego zitakuja zenyewe.

Mahojiano hayathibitishi uwepo. Yanakuonyesha pa kuanzia, basi.

## Hatua ya 4: Ramani na gridi

Chora gridi ya miraba yenye upande wa kilomita 1.4. Kila mraba una takriban kilomita za mraba 2, na kila mraba unapata kamera moja. Kamera 30 zinafunika kilomita za mraba 60. Minziro inakaribia kilomita za mraba 250, kwa hiyo igawe katika vitalu, ufanye kitalu kimoja kisha uhamie kingine. Kuzitawanya kamera 30 msitu mzima kunapendeza kwenye ramani, lakini paka mwenye eneo dogo anaweza kuishi katikati ya kamera mbili bila kuonekana hata siku moja.

Angalia mfumo wa majira (namba za mahali) kwenye GPS kabla ya jambo lolote. Weka WGS84, kanda ya 36 Kusini kwa Minziro. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa Arc 1960, na tofauti ya mifumo hiyo miwili ni takriban mita 300. Ndani ya kinamasi, mita 300 ni asubuhi nzima. Bwindi iko kanda ya 35 Kusini, na Kibale 36 Kaskazini. Usinakili mipangilio ya timu nyingine bila kuikagua.

Panga kazi kuanzia Juni, baada ya masika. Kamera iliyofungwa mwezi Aprili Minziro inaweza kujikuta chini ya maji.

## Hatua ya 5: Kufunga kamera

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo soma taratibu.

Mahali. Ukifika kwenye nukta ya gridi, tafuta ndani ya mita 100 njia inayotumiwa na wanyama: mapito ya mindi na funo (swala wadogo wa msituni), barabara ya zamani ya magogo, mgongo wa kilima, makutano ya njia mbili, au ukanda mkavu kati ya vinamasi. Paka hupenda kutembea pasipo na kelele za majani makavu. Usiende zaidi ya mita 100 eti umeona mahali pazuri zaidi. Ukifanya hivyo gridi inakuwa haina maana. Andika kwenye fomu aina ya njia uliyochagua.

Mti. Uwe mnene kama paja la mtu mzima au zaidi. Mti mwembamba hutikisika na kila upepo unakupa picha tupu. Tazama gome: ukiona mstari wa tope lililokauka umbali fulani kutoka ardhini, hapo ndipo mafuriko ya mwisho yalipofika. Mstari ukizidi sentimita 30, tafuta mti mwingine.

Mwelekeo. Elekeza kaskazini au kusini. Kamera inayotazama mashariki au magharibi hupigwa na jua. Kitambuzi chake hufuata joto linalosogea, na jani lililopashwa na jua kisha likapepea ni joto linalosogea. Ndiyo asili ya zile picha elfu nne za majani.

Kimo. Jicho la kamera liwe sentimita 35 juu ya *njia*, si juu ya shina la mti. Kama mti uko kwenye mwinuko na njia iko chini yake, sentimita 35 kutoka kwenye mizizi zinaweza kuwa sentimita 80 juu ya mgongo wa paka. Simamisha fimbo katikati ya njia, upime kutoka pale, kisha rekebisha kamera kwa kijiti nyuma yake ili ilale sambamba na mteremko wa ardhi.

Umbali na pembe. Mita 2.5 hadi 3 kutoka katikati ya njia. Usiielekeze kamera kukata njia moja kwa moja, kwani paka anayepita haraka atakuachia mkia tu. Iinamishe upande kiasi cha nyuzi 45, ili mnyama abaki mbele ya jicho kwa hatua kadhaa. Ukitaka kutambua paka mmojammoja kwa madoa yake utahitaji kamera mbili kila kituo, moja kila upande wa njia, zisitazamane uso kwa uso. Kwa swali la kama yupo au hayupo, moja inatosha.

Usafi wa mbele. Kata nyasi na matawi madogo kati ya kamera na njia, na mita moja nyuma ya njia. Usifyeke kama unaandaa shamba. Eneo jeupe ghafla humshtua mnyama na humwonyesha mwizi kamera ilipo.

Mipangilio.

- Picha 3 kwa kila tukio, bila muda wa kupumzika kati ya tukio na tukio.
- Hisia ya kitambuzi: juu, kwa msitu wa kivuli.
- Video: zima. Inakula betri na huchelewa kuanza.
- Kadi: ifute ndani ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta.
- Saa: mfumo wa saa 24.

Hilo la saa lisichukuliwe kimzaha. Mmoja huandika kwenye fomu «saa 3 usiku», kamera inaandika 21:00, na mwingine anayeingiza data anaandika 03:00. Kwa makosa ya namna hiyo mnyama wa usiku anageuka kuwa wa mchana kwenye ripoti. Fomu zote ziandikwe 21:00, na kila mtu kwenye timu akubaliane kabla ya kuingia msituni.

Mwanga wa usiku. Flashi nyeupe hutoa rangi na madoa wazi, lakini humulika mbali na kuwavuta watu. Infraredi isiyoonekana ni salama zaidi penye majangili. Chagua moja kwa kamera zote.

Jaribio. Washa hali ya majaribio, kisha mtu mmoja apite mbele ya kamera kwa magoti na mikono. Kwa magoti, kwa sababu paka hafikii kiuno chako. Kamera ikikuona ukiwa umesimama tu, iko juu mno. Baadaye piga picha ya kibao chenye namba ya kituo, tarehe na saa, kisha picha ya fimbo imesimama katikati ya njia. Picha ya fimbo ndiyo itakayokuambia baadaye kama mnyama mweusi aliyepita ni paka wa nyumbani, paka dhahabu, au chui mweusi.

Siafu na sisimizi. Hupenda joto la kamera na hutaga ndani. Hakikisha mpira wa kuzibia mlango hauna mchanga, weka kifuko cha silika, na usile mhogo au ndizi kwa mikono ileile inayofunga kamera. Penye tembo, weka kamera ndani ya sanduku la chuma.

Usiweke chambo. Nyama au harufu huvuta wanyama kutoka mbali kwa namna isiyolingana kati ya kituo na kituo, na matokeo yako hayatalinganishwa na ya mtu mwingine yeyote.

Acha kamera usiku 45 hadi 60. Zitembelee mara moja tu katikati, karibu siku ya 25, kubadilisha kadi na betri. Kila ziara huacha harufu na njia mpya.

Utajua umefaulu: ziara ya katikati inakuta angalau kamera 27 kati ya 30 zikifanya kazi, picha ya mwisho kwenye kila kadi ni yako ukiikaribia kamera, na wanyama wa kawaida kama panya buku, funo na nguchiro wanaonekana mwili mzima. Kama unapata vichwa tu au miguu tu, rekebisha kimo siku hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Kupima makazi

Msitu wenye miti mirefu na mizuri unaweza kuwa mtupu. Utafiti uliofanyika Gabon ulikuta paka dhahabu wengi zaidi katika msitu usioguswa, wakapungua kiasi msitu uliovunwa magogo lakini usiowindwa sana, na wachache kupita wote katika msitu wa karibu na vijiji uliowindwa. Kwa hiyo pima mambo matatu: kivuli, mawindo na mitego. La tatu lina uzito kuliko mawili ya kwanza, ingawa fomu nyingi zinazozunguka maofisini zinalipa mstari mmoja tu.

Kivuli na maficho. Kwenye kila kituo piga duara la nusu kipenyo cha mita 10 (mita za mraba 314). Hesabu miti yote yenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi kwa kimo cha mita 1.3. Huhitaji kifaa cha pekee: zungusha futi ya cherehani, na mti wenye mzunguko wa sentimita 31.4 au zaidi unahesabiwa. Kisha piga picha nne za kutazama juu, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi mwa duara, ukadirie asilimia ya anga iliyofunikwa.

Kwa maficho, mwenzako asimame na fimbo mita 10 kutoka ulipo, nawe uchuchumae jicho lako liwe kimo cha paka. Hesabu vipande vya rangi usivyoviona kabisa, kati ya 20. Rudia pande nne. Kichaka kizito si dosari. Msitu unaochipua upya baada ya kuvunwa unaweza kumfaa, mradi usiwe na mitego ya nyaya.

Mawindo. Hula panya, ndege wa ardhini, swala wadogo wa msituni, na mara nyingine kima wadogo. Kamera zako tayari zinawahesabu. Ongeza tu alama za kinyesi cha swala ndani ya duara.

Mitego. Watu 4 wajipange mstari, mita 5 kati ya mtu na mtu, watembee kilomita 1 kutoka kituoni. Hapo mmekagua ukanda wa mita 20 kwa 1,000, yaani hekta 2. Tazameni chini na pembeni: tanzi la waya huwa kimo cha goti au chini zaidi, limefungwa kwenye mche ulioinamishwa, na mara nyingi kuna uzio mdogo wa matawi unaomsukuma mnyama aingie mlangoni. Paka dhahabu halengwi na mtegaji. Mtegaji anataka funo. Lakini paka anapita njia ileile ya funo.

Kabla ya kung'oa, piga picha, chukua nukta ya GPS, andika aina ya waya na kama una kutu. Ung'oaji ufanywe na askari wa misitu, si na kijana wa kijiji peke yake, ambaye kesho atakutana na mwenye mtego dukani. Hesabu pia visiki, matanuri ya mkaa, kinyesi cha ng'ombe na nyayo za mbwa.

Onyo: usifanye ukaguzi wa mitego siku ileile ya kufunga kamera. Watu wanne wakipita na mapanga, kituo kinabaki kimya kwa siku kadhaa.

## Hatua ya 7: Nyayo na kinyesi

Unyayo wa jamii ya paka hauna alama za kucha, na kisigino chake kina vinundu vitatu kwa nyuma. Hilo linakuambia ni paka. Halikuambii ni paka dhahabu na si mondo au chui mtoto. Piga picha ukiwa na futi kando yake, andika «jamii ya paka», songa mbele.

Kinyesi kina faida zaidi kwa sababu ya vinasaba. Vaa glavu na barakoa. Mayai ya minyoo ya wanyama walao nyama huambukiza binadamu. Chukua kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba kutoka sehemu ya nje, kiweke kwenye ethanoli saa 24 hadi 36, kisha kihamishie kwenye mrija wa silika kavu. Usijaze mrija kinyesi hadi juu: silika ikizidiwa na unyevu sampuli huoza, na maabara itakurudishia jibu tupu. Silika inayobadili rangi husaidia, maana ikigeuka unaibadilisha.

Kinyesi ambacho hakijapimwa maabara kisihesabiwe kama ushahidi, hata kama mzee wa msitu ameapa.

## Hatua ya 8: Kufungua picha

Kila kituo kiwe na folda yake, na ndani yake folda ya kila kadi. Tengeneza nakala mbili kabla ya kufuta hata picha moja. Usitume picha za ushahidi kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani huibana na kuiondolea tarehe, saa na taarifa za kamera. Itume kama faili.

Picha za mnyama mmoja kituo kimoja ndani ya dakika 60 ni tukio moja. Watu wawili watambue kila tukio la paka bila kuonyeshana majibu, kisha walinganishe. Tumia daraja tatu:

- A: uso au ubavu wote unaonekana, masikio au mkia yanathibitisha.
- B: umbo na kimo kwa fimbo vinakubali, lakini alama moja kuu haionekani.
- C: sehemu tu ya mwili.

Daraja A moja, iliyokaguliwa na mtaalamu wa nje, inatosha kusema yupo. Daraja B kumi hazitoshi.

Wanaochanganya mara nyingi kwenye daraja B ni mondo mwenye vidoadoa na paka wa nyumbani aliyeingia msituni. Rudi kwenye picha ya fimbo, pima bega.

## Hatua ya 9: Hesabu pale usipomwona

Usiku mmoja wa kamera moja inayofanya kazi ni kipimo kimoja. Kamera 30 kwa usiku 45 ni 1,350. Toa usiku wa kila kamera iliyokufa, iliyoibwa au iliyofunikwa na majani. Usitumie tarehe ya kuitoa mtini. Tumia picha ya mwisho kwenye kadi.

Sasa, kama hujapata hata picha moja, gawa 3 kwa idadi ya usiku. 3 kwa 1,350 ni sawa na 1 kwa 450. Maana yake, kwa uhakika wa takriban asilimia 95, kama paka dhahabu anapita mbele ya kamera zako, anapita kwa kiwango kisichofika mara moja kwa kila usiku 450 wa kamera moja. Hiyo ni taarifa. «Hayupo» si taarifa. Hesabu hii hudhani kamera ziliwekwa vizuri, ndiyo maana Hatua ya 5 ni ndefu.

Kwa kituo kimoja hesabu ni kali zaidi. Tuseme mahali alipo paka, uwezekano wa kumnasa katika siku 10 ni 0.2. Uwezekano wa kumkosa mara tano mfululizo ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani karibu 0.33. Baada ya siku 50 bado kuna theluthi moja ya nafasi kwamba yupo na hukumwona. Ili kufikia asilimia 95 ungehitaji vipindi 14, siku 140. Ndiyo sababu hatutoi hukumu ya kituo kimoja, bali ya kitalu kizima.

Sentensi ya ripoti iandikwe namna hii: «Kamera 30, usiku 1,212 uliofanya kazi, Juni hadi Agosti, picha za daraja A: 0, nyaya 14 katika hekta 60, swala wa msituni walionekana vituo 19.» Msomaji akiona mistari hiyo anajua tatizo si miti.

Ukimpata, majira kamili ya vituo yapelekwe TFS na TAWIRI pekee. Kwenye mitandao na kwenye bango la kijiji taja jina la msitu tu, na ondoa taarifa za GPS ndani ya faili la picha kabla ya kuichapisha.

Usipompata, mzunguko wa pili uanze na vituo vilivyokuwa na swala wengi na nyaya chache, kamera mbili kila mraba badala ya moja, moja kwenye njia iliyo wazi na nyingine kwenye ukanda mkavu kati ya vinamasi. Vituo vilivyokuwa na nyaya nyingi viachie askari kwanza. Rudi na kamera baada ya doria, ukiwa na fomu zilezile na fimbo ileile.